Kujitolea kwenye safari ndefu ya baiskeli: mwongozo kamili, kuanzia kujiandikisha hadi kufunga kituo

Kwenye safari ndefu za baiskeli, zile za kilomita 200 na kuendelea hadi 1200 au zaidi, saa ya mwendeshaji haisimami. Akila, inatembea. Akilala, inatembea. Akipanga foleni ya choo, inatembea vilevile. Kila dakika unayomwokolea mtu kituoni, yaani pale njiani anaposimama kuhakikiwa, kula na kulala, ni dakika atakayoitumia kulala, kula, au kupanda mlima bila kukimbizana na muda, na hiyo ndiyo kazi yako. Mengine yote katika mwongozo huu yanatokana na jambo hilo moja.

Huhitaji kujua kuendesha baiskeli ili ujitolee. Unahitaji kukaa macho, kufuata utaratibu na kuwa mpole kwa mtu aliyechoka kuliko alivyowahi kuchoka.

Hatua ya 1: Jua ni safari ya aina gani

Yako mashindano, na ziko safari ambazo lengo lake ni kumaliza ndani ya muda uliowekwa. Ukichanganya mambo haya mawili utawahudumia watu vibaya.

Mfano mashuhuri ni Paris–Brest–Paris. Mwaka 1891 yalikuwa mashindano hasa, na mshindi, Charles Terront, alitumia saa 71 na ushei barabarani. Siku hizi ni safari ya takriban kilomita 1200 inayofanyika kila baada ya miaka 4 chini ya Audax Club Parisien, klabu ya baiskeli ya Ufaransa, na wengi wa washiriki hupewa saa 90. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kuna aliyemaliza ndani ya muda na ambaye hakumaliza. Safari za kufuzu kushiriki, za kilomita 200, 300, 400 na 600 zina muda wake pia: saa 13 na nusu, saa 20, saa 27 na saa 40.

Kwa mtu wa kujitolea, hilo lina maana mbili. Kwanza, usimwambie mtu "wewe ni wa 7 kufika". Hakuja kushindana, na ukimtia hamu ya kuwafukuza walio mbele atajichosha bure. Pili, katika safari za namna hii mwendeshaji hujitegemea barabarani, na msaada wake wa binafsi huruhusiwa kwenye vituo tu. Ukimfuata na gari kilomita 20 mbele ya kituo ili umpe maji kwa huruma, unaweza kumsababishia adhabu. Huruma yako iache kituoni.

Kama tukio ulilojiandikisha ni mashindano, kanuni hubadilika: waandaaji wengine huruhusu gari la msaada, wengine hukataza mtu yeyote kugusa baiskeli isipokuwa mwenyewe. Omba kanuni zilizoandikwa uzisome zote, hata kama ni kurasa nyingi. Kwenye zamu, watakaokuuliza maswali ni waendeshaji wenyewe, na hawatakuwa na subira ya kukungoja utafute jibu.

Hatua ya 2: Chagua kazi inayokufaa

Waandaaji huwa na upungufu wa watu wa usiku na wa jikoni, na huwa na ziada ya watu wanaotaka kusimama kwenye mstari wa kumalizia. Kama kweli unataka kusaidia, omba zamu ya usiku.

Kazi zenyewe ni za kawaida: meza ya kadi (ile anayobeba kila mwendeshaji na kupigiwa mhuri kila kituo), chakula, sehemu ya kulala, maegesho ya baiskeli, mizigo ya akiba, kuelekeza njia kwenye makutano, ufundi, huduma ya kwanza, gari la nyuma linalookota waliojitoa. Ufundi na huduma ya kwanza ni za wenye ujuzi tu. Kuelekeza njia barabarani kunaonekana kwepesi lakini kunataka nidhamu: unasimama peke yako kwa saa nyingi, na katika nchi nyingi huna mamlaka ya kusimamisha magari. Unamwonyesha mwendeshaji njia. Magari ni kazi ya polisi au wenye kibali.

Kama hujawahi kujitolea, meza ya kadi au sehemu ya kulala ndiyo shule nzuri. Utawaona watu wote, na utajifunza haraka jinsi uchovu unavyomfanya mtu aonekane.

Hatua ya 3: Uliza haya kabla hujakubali

Zamu inaanza na kuisha saa ngapi, na nani atanipokea? Zamu ya saa 6 hadi 8 mtu huimudu vizuri; ya saa 16 mfululizo inaleta makosa, na una haki ya kuikataa. Nitalala wapi na nitakula nini? Mkuu wa kituo ni nani, na kama simu hazishiki tunawasiliana vipi? Kuna bima kwa wanaojitolea? Nafika vipi, na nauli ni juu ya nani? Baadhi ya waandaaji huwapa waliojitolea nafasi ya upendeleo kwenye safari inayofuata. Kama nawe unapanda baiskeli, uliza na hilo bila aibu.

Toa na wewe taarifa zako mapema. Kama huwezi kubeba vitu vizito, una kisukari, au hulali kabisa ukinywa kahawa jioni, mratibu anahitaji kujua hayo sasa, si saa 7 usiku.

Hatua ya 4: Jiandae mwenyewe

Nguo za joto, hata kama mchana ni jua kali, kwa sababu kukaa kitako alfajiri kunatia baridi kuliko kutembea. Viatu vilivyozoea mguu. Fulana inayoakisi mwanga. Tochi ya kuvaa kichwani yenye mwanga mwekundu au hafifu, betri za akiba, chaja, peni nne za kawaida (zitapotea tatu), daftari dogo, kikombe chako, dawa zako. Saa ya mkononi ilinganishe na saa rasmi ya safari kabla hujaanza zamu. Ikitofautiana na ya kituo cha jirani kwa dakika 4, kuna mtu atakayeumia.

Lala kabla. Ukianza zamu ya saa 4 usiku ukiwa umeamka tangu alfajiri, kufikia saa 9 hutofautiani sana na wanaokuja na baiskeli.

Hatua ya 5: Elewa saa za kituo chako

Katika safari za kumaliza ndani ya muda, kila kituo hufunguliwa na kufungwa kwa hesabu. Kwa utaratibu unaotumika sana, kufunguliwa huhesabiwa kwa mwendo wa kilomita 34 kwa saa katika kilomita 200 za kwanza na kilomita 32 kwa saa katika 200 zinazofuata. Kufungwa huhesabiwa kwa kilomita 15 kwa saa hadi kufika kilomita 600.

Chukua kituo kilichopo kilomita 300. Waendeshaji wameanza saa 12 asubuhi. Wa kwanza anaweza kufika baada ya saa 9, yaani saa 9 alasiri. Muda wa mwisho ni baada ya saa 20, yaani saa 8 usiku. Mna saa 11 za kazi, na watu hawagawanyiki sawasawa ndani yake: wachache mapema, kundi kubwa katikati, kisha wachache tena, mmoja mmoja, hadi dakika ya mwisho.

Hesabu hii ifanye kwa kituo chako na uibandike ukutani. Bandika na kadirio la saa ya msongamano, ili watu wa jikoni wasipumzike wote wakati kundi kubwa linaingia.

Jambo lingine linalowaangusha wengi wetu: kadi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Saa 8 usiku ni 02:00. Ukiandika 08:00 umemwongezea mtu saa 6 ambazo hakuzitumia, na kwenye kadi ataonekana amechelewa. Andika jedwali dogo la kugeuza saa na uliweke pembeni ya mhuri.

Hatua ya 6: Meza ya kadi

Meza hii ikikwama, kituo kizima kinakwama. Iweke mlangoni, penye mwanga mzuri, ili mtu asiweze kwenda kula kabla hajaiona. Wapo wanaopitiliza moja kwa moja kwenye chakula, wakala, wakaondoka bila mhuri, na wakagundua kilomita 40 mbele.

Utaratibu uwe mmoja kwa kila mtu. Pokea kadi. Soma namba na jina kwa sauti, umsikie akikubali. Tafuta kisanduku cha kituo chenu, maana wenye usingizi hukupa kadi imefunguliwa ukurasa usio wake. Kama imelowa, ikaushe kwa kitambaa kwanza. Mhuri juu ya karatasi mbichi hutawanyika usisomeke. Piga mhuri, andika saa, weka saini fupi, kisha andika namba na saa hiyo hiyo kwenye daftari la kituo. Daftari ndilo litakalomwokoa kadi ikipotea. Mrudishie kadi mkononi mwake, usiiweke mezani, na umwangalie akiihifadhi.

Ukifanya kazi na mwenzako, mmoja apige mhuri na mwingine aandike daftari. Zikitokea njia za kielektroniki, kama chipu au programu ya simu, endelea na daftari hata hivyo. Betri huisha na mtandao hukatika.

Mtu akifika amechelewa, usimhukumu wewe. Andika saa halisi, piga mhuri, mwite mkuu wa kituo. Kanuni nyingi hutoa nafasi kwa aliyecheleweshwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, kama barabara iliyofungwa au kusimama kusaidia kwenye ajali, hivyo muulize kilichotokea na ukiandike. Usikubali kamwe kurudisha saa nyuma kwa huruma. Mtu atakuomba huku machozi yanamlengalenga, na dakika 10 zitaonekana si kitu. Lakini yuko mwenzake aliyejinyima usingizi ili afike ndani ya muda, na kadi yake ina thamani kwa sababu zote ni za kweli.

Hatua ya 7: Chakula na maji

Anayeendesha saa nyingi anahitaji wanga, chumvi kiasi, na kitu anachoweza kukimeza bila kutafuna sana. Wali, viazi, tambi, supu, uji, mkate, ndizi: vyakula vya kawaida vinafaa. Andika wazi kilicho na nyama, maziwa, karanga au ngano, ili mtu asisimame kuhojiana nawe.

Gawa chakula kwa kuhesabu kutoka nyuma. Wanaofika mapema ndio wenye nguvu zaidi na chaguo nyingi zaidi. Anayefika dakika 20 kabla ya kufunga ndiye aliye taabani, na mara nyingi hukuta sufuria tupu. Hilo ni kosa baya kabisa la kituo. Tenga sehemu ya waliobaki tangu mwanzo, funika, andika juu yake, na mtu asiiguse.

Kuhusu maji, usimlazimishe mtu kunywa. Akinywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi, sodiamu mwilini hushuka, na dalili zake (kichefuchefu, kichwa kuuma, vidole kuvimba, kuchanganyikiwa) hufanana na za mtu aliyeishiwa maji. Weka maji, vinywaji vyenye chumvi na chakula chenye chumvi. Mwache anywe kwa kiu yake. Anayetapika au kuchanganyikiwa ni wa huduma ya kwanza.

Hatua ya 8: Sehemu ya kulala

Hapa ndipo pa kujitolea kwa moyo wote, na ndipo kosa moja humharibia mtu safari nzima. Anayelala amekukabidhi muda wake wote. Usipomwamsha, kwake safari imekwisha.

Tengeneza daftari lenye safu nne: namba ya kitanda, namba ya mwendeshaji, saa ya kuamshwa, na saa aliyoamka kweli. Anapokuja, mwambie kituo kinafungwa saa ngapi na umsaidie kupiga hesabu, kwa sababu kichwa chake hakihesabu tena. Wengi huomba kulala kwa saa moja na nusu, au kwa saa 3. Rudia saa ya kumwamsha kwa sauti: "Nitakuamsha saa 10 na robo usiku, kitanda cha 12." Mwambie azime kengele ya simu; ya mtu mmoja huwaamsha 30.

Mpeleke mwenyewe hadi kitandani, tochi ikiangalia sakafu. Viatu vyake viweke palipo rahisi kuviona.

Kumwamsha kuna namna yake. Mguse begani au mguuni juu ya blanketi, kwa upole. Sema namba yake au jina, kisha saa: "Ni saa 10 na robo, uliomba nikuamshe." Atakujibu "sawa" na kulala tena papo hapo, wengi hufanya hivyo, na baadaye hawatakumbuka kwamba walikujibu. Kwa hiyo usiondoke hadi akae kitako na miguu iguse sakafu. Baada ya dakika 5 rudi uangalie. Ndipo uandike ile safu ya nne. Mtu akiamka hajui yuko wapi, mwambie: uko kituo fulani, kilomita fulani, baiskeli yako iko nje, chakula kiko kulia. Sema taratibu.

Watu 15 wakiomba kuamshwa saa ile ile, hutaweza kuwaamsha wote kwa dakika moja. Wakati wa kuandika, wasambaze kwa dakika tano tano, na uwaambie.

Hatua ya 9: Saa za usiku wa manane

Kati ya saa 8 na saa 11 usiku mwili wa kila mtu hushuka, wako pia. Joto la mwili linapungua, macho yanafunga, na makosa ya daftari huongezeka. Pangeni mtu wa kukagua kazi ya mwenzake katika saa hizo. Simama utembee kila nusu saa.

Waendeshaji wanaoingia wakati huu wazungumzishe kwa maneno machache. Mtu amefika, anatetemeka, anakutazama tu. Usimpe maswali matatu kwa pamoja. "Kadi." Kisha "Kaa hapa." Kisha mpe kitu cha moto mkononi. Utaona anarudi taratibu.

Kuhusu njia iliyobaki, sema unachokijua tu: kilomita hadi kituo kijacho, saa ya kufungwa kwake, na hatari iliyoripotiwa, kama changarawe kwenye kona fulani. Maneno kama "umebakiza kidogo" au "milima imeisha" yaache kabisa. Yakiwa si kweli, yanamvunja moyo mtu akiwa peke yake gizani, na wewe hupo.

Hatua ya 10: Afya, na wakati wa kumzuia mtu

Vidonda vya makalio, ganzi ya vidole na magoti yanayouma utaviona kila saa. Mafuta ya kupaka, bandeji na mapumziko husaidia. Shingo inayokataa kuinua kichwa ni jambo jingine. Hutokea kwenye safari ndefu sana, na mtu asiyeweza kutazama mbele hapaswi kurudi barabarani.

Anayetetemeka sana, mikono haishiki, maneno yanamkokota: amepoteza joto. Mtoe kwenye upepo, vua nguo mbichi, mvalishe kavu, mfunike, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama yuko macho na anameza vizuri. Akiacha kutetemeka huku anazidi kulegea, hali imekuwa mbaya, ita msaada. Aliyepigwa na joto akaanza kuchanganyikiwa, mpoze hapo hapo kwa maji na upepo huku mwingine akipiga simu ya dharura. Maumivu ya kifua, uso kupinda upande mmoja, kuzimia, au kichwa kilichogonga ardhi na mtu harudii maneno sawasawa: hapo hakuna mjadala wa muda wala kadi.

Na wakati mwingine kituo kizima huzuia watu. Agosti 2025, safari ya baiskeli ya London–Edinburgh–London ilisimamishwa njiani kwa sababu ya dhoruba. Amri kama hiyo ikija, wewe ndiwe utakayeitamka mbele ya watu waliojiandaa kwa miaka. Itamke wazi, mara moja, bila kubahatisha itadumu muda gani.

Hatua ya 11: Anayetaka kujitoa

Akikuambia amechoka na anaacha, na hana tatizo la kiafya, usimpe karatasi ya kusaini papo hapo. Mpe chakula, mpe joto, mwache akae dakika 20, au alale kama muda upo. Kisha muulize tena. Wengi hubadili mawazo wakishashiba. Asiyebadili, heshimu uamuzi wake. Usimshawishi mara ya tatu.

Aliyejitoa lazima aandikwe: namba, saa, sababu, na anaondoka vipi. Piga simu makao makuu kabla hajatoka mlangoni. Mtu akipanda gari la rafiki yake kimyakimya, watu wataitafuta maiti yake mitaroni usiku kucha.

Hatua ya 12: Kufunga

Usifunge kabla ya dakika rasmi, hata kama mmejihakikishia hakuna anayekuja. Linganisha daftari lenu na orodha ya walioondoka kituo kilichotangulia. Kila namba iwe imefika, imejitoa, au inatafutwa. Ikibaki hata moja isiyojulikana, mkuu wa kituo haondoki.

Kisha vyumba, vyoo, takataka. Vitu vilivyosahaulika, na vitakuwa vingi kuanzia glavu hadi miwani, vifunge na karatasi yenye namba ya mwendeshaji au namba ya kitanda. Daftari lipige picha kila ukurasa kabla ya kulikabidhi. Kabla hamjatawanyika, andika kwa mratibu mambo manne au matano ambayo bado unayakumbuka: chakula gani kiliisha na saa ngapi, msongamano ulianza lini, blanketi zilipungua ngapi, kibao gani cha njia hakikuonekana gizani. Wiki ijayo utakuwa umesahau yote.

Ukishamaliza, lala saa chache hapo hapo kituoni kabla ya kushika usukani wa gari. Kama umepanda gari la mwenzako, mzuie naye asiendeshe kabla hajalala.